Kazi ya Kifo ni ya Mtu wa Makamo

Msikilizaji, tega sikio tangazo la kifo linaposomwa redioni jioni, hasa katika vituo vinavyosikika huku kwetu kuanzia Murang'a hadi Nanyuki. Marehemu hatambulishwi kwa alichokiamini wala alichokipenda. Anatambulishwa kwa watu: mwana wa marehemu fulani na fulani, mume wa fulani, baba ya fulani ambaye ni mwalimu, ya fulani wa benki na ya fulani aliyeko Marekani, babu ya wengi. Kisha siku ya ibada, saa ya msafara kutoka mochari, na shamba atakamozikwa. Kijana huyasikia matangazo haya kama kelele za kupitisha muda kabla mpira haujaanza. Mzee wa miaka 80 huyapokea kama habari za rika lake, jambo alilokwisha kulizoea. Anayeshtuka ni mtu wa makamo, mwenye miaka 40 na kitu au 50 na kitu, kwa sababu ndiye anayeanza kupiga hesabu na kugundua kwamba huyu anayetajwa walikaa darasa moja. Ninachotaka kukitetea leo ni hiki. Kwa mtu wa umri huo, hapa Nyeri, Karatina, Kerugoya au Embu, maana ya maisha na hofu ya kifo si maswali mawili. Ni swali moja, nalo ni hili: nani atanibeba nikishaondoka, na nimemkabidhi nini? Tumelisogeza swali hilo hadi uzeeni, na mara nyingi tunaliachia kamati ya mazishi. Umri wake halisi ni wa makamo.

Wataalamu wa nje wameligusa jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1965 Elliott Jaques, mwanasaikolojia mzaliwa wa Canada aliyefanya kazi Uingereza, alichunguza maisha ya wasanii 310, wakiwemo wachoraji, watunzi na waandishi, akadai kwamba kuanzia miaka 35 hivi mtu huacha kukiona kifo kama habari ya watu wengine. Miongo kadhaa baadaye mwanauchumi David Blanchflower alikusanya takwimu za nchi zaidi ya 100, akasema kuridhika na maisha hufika chini kabisa karibu na miaka 48, kisha hupanda tena. Wapo wanaompinga, nao wana hoja, kwa kuwa kuwahoji leo watu wa umri mbalimbali si sawa na kumfuata mtu mmoja kwa miaka 30. Mimi namwona Erik Erikson, aliyeandika mwaka 1950, kuwa karibu zaidi na hali yetu. Alisema kazi kuu ya umri huo ni kukiandaa kizazi kinachofuata, na asiyeifanya hudumaa. Jaques alikuwa akiwafikiria watu wanaolilia ujana wao. Huku kwetu mtu wa miaka 48 hana muda mwingi wa kuulilia ujana. Mama yake ana presha na sukari, mwanawe yuko chuoni anadaiwa karo, na yeye mwenyewe ameambiwa kliniki arudi apimwe tena. Mpango wa afya kwa wote ulipoanza kujaribiwa Desemba 2018, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 zilizochaguliwa, na sababu yake ilikuwa mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza. Hayo ndiyo magonjwa ya umri huu. Hayaui ghafla kama ajali. Yanampa mtu miaka ya kufikiri, akitaka kufikiri.

Wazee wa Kikuyu wa zamani hawakumwacha mtu afikirie peke yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu mila za Wakikuyu, alieleza jinsi mwanamume alivyopanda ngazi za kiama, yaani baraza la wazee. Baada ya kuoa alitoa mbuzi na kuingia ngazi ya chini, ambako kazi yake ilikuwa kutumwa na kusikiliza. Mwanawe alipofikia umri wa kutahiriwa alitoa mbuzi mwingine na kupanda. Watoto wake karibu wote walipokwisha kutahiriwa, na mkewe amepita umri wa kuzaa, aliingia ngazi ya mwisho, ya wazee waliosimamia matambiko na waliohesabiwa kuwa karibu na mababu. Tazama utaratibu huo ulivyopangwa. Mtu hakupanda kwa kuongeza miaka peke yake, wala kwa kuongeza mali peke yake. Alipanda kadiri watu waliomfuata walivyokomaa. Kila hatua ilimsogeza karibu na kifo, na kila hatua ilimwongezea heshima, kwa hiyo kuzeeka na kuwa na maana vilikwenda pamoja. Mtu wa makamo leo hupandishwa cheo kazini hadi miaka 60, kisha anapewa barua ya kustaafu na keki.

Kuna jambo la pili katika utaratibu huo ambalo bado tunaliishi, nalo ni majina. Mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza huchukua la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Wanaofuata huchukua ya ndugu za wazazi, na mama asiyeolewa huanza na wazazi wake mwenyewe. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini za Kiafrika, alifundisha kwamba aliyekufa huendelea kuwa hai kwa namna fulani maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Huku kwetu jina halikumbukwi tu, linaitwa aje kunywa uji. Sasa fanya hesabu. Ili babu wawili na nyanya wawili wote wapate majina, nyumba inahitaji angalau watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kirinyaga alitarajiwa kuzaa watoto 2.3 kwa wastani, kiwango cha chini kuliko kaunti zote nchini, na wa Nyeri 2.7, wakati wastani wa Kenya ulikuwa 3.9. Nyumba yenye mvulana mmoja na msichana mmoja imewakosa wazazi wote wa mama. Nyumba yenye wavulana wawili imewakosa nyanya wote. Sisemi watu wazae zaidi. Mashamba ya robo ekari hayasemi hivyo, wala karo haisemi hivyo. Nasema kwamba dhamana iliyomtuliza mtu wa miaka 50, kwamba jina lake lina pa kurudi, imepungua bila mtu yeyote kutangaza kwamba imepungua, na hatujaweka kitu cha kuijazia.

Hapa msikilizaji makini atanikatiza. Atasema nawapamba wazee wa kale, na kwamba Wakikuyu hao hao hawakuwazika watu wengi. Ni kweli, na isifichwe. Maiti ya mtu wa kawaida ilipelekwa porini na kuachiwa fisi. Mara nyingi mgonjwa aliyekatiwa tamaa alitolewa nje kabla hajakata roho, ili nyumba isitiwe unajisi. Aliyezikwa kwa heshima alikuwa mzee mwenye mali na watoto. Mwanamke tasa, kijana na maskini hawakuwa na kaburi. Wamisheni na serikali ya kikoloni ndio waliowalazimisha watu kuzika, na sitasikitika kwa hilo. Lakini angalia pingamizi hili linathibitisha nini. Jamii isiyoujali sana mwili wa mtu wa kawaida iliweka uzito wake mkubwa mahali pengine: katika majina, katika marika, na katika maneno ya mwisho ya mzee. Sisi tumegeuza mizani. Mwili tunaupamba, na yale mengine tunayaacha yaende yatakavyo.

Mizani hiyo iligeuka pamoja na ardhi, na hapa ndipo jambo linapouma zaidi. Wakati wa Hali ya Hatari, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954 wa serikali ya kikoloni, vipande vya ardhi vya Wakikuyu vilikusanywa, vikapimwa na kuandikishwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Kaburi la shambani na hati miliki vimezoeleka kwetu katika vizazi vile vile, na havikukaa mbali. Siku hizi kaburi lililojengewa kando ya migomba ni ushahidi mkubwa wa umiliki kuliko jiwe la mpaka. Lakini mtu aliyeandikishwa shamba mwaka 1959 akiwa na miaka 40 angekuwa leo amepita miaka 100. Amekufa zamani. Hati nyingi bado zina jina lake. Mwanawe alilima akafa, na mjukuu, ambaye ndiye mtu wa makamo ninayemzungumzia, anachuma chai katika shamba ambalo kwa sheria ni la babu, na pengine hata namba ya mwanachama katika kiwanda cha kahawa ni ya babu. Akitaka kulinyoosha jambo hilo lazima aanze na barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote, na hapo ndipo shangazi aliyeolewa Othaya mwaka 1975 anapokumbukwa, pamoja na watoto wa ndugu aliyepotelea mjini. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haibagui binti na mwana wala binti aliyeolewa na asiyeolewa. Wengi huisikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa kortini. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 anayeogopa kufa mara nyingi haogopi kaburi. Anaogopa kwamba atawaachia watoto wake kesi, tena kesi ambayo yeye mwenyewe aliachiwa na hakuimaliza.

Badala ya kuimaliza tunafanya nini? Tunazika kwa kishindo. Mtu akifa, kabla jua halijachwa kuna kundi la WhatsApp lenye picha yake, na kuna kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila usiku mweka hazina hutuma orodha yenye namba: wa 1 shilingi elfu tano, wa 2 elfu mbili, wa 47 mia tano, na chini yake bajeti inayoonyesha kiasi kilichobaki. Hema, viti, jeneza, gari la maiti, mpiga video, na kijitabu cha rangi chenye wasifu wa kurasa kadhaa. Wasifu huo huandikwa usiku mmoja na watu ambao hawakuwahi kumwuliza marehemu swali hata moja kuhusu maisha yake, ndiyo sababu wasifu zote zinafanana: alizaliwa, akasoma, akabatizwa, akaajiriwa, akaugua. Nitaambiwa kwamba mchango ni upendo, na kwamba bila mchango maskini angezikwa na serikali ya kaunti. Nakubali, na siubezi. Swali langu ni la wakati. Mgonjwa akiwa bado anapumua, kundi lile lile hukusanya kwa shida pesa za dawa. Akishafariki pesa hupatikana, sehemu yake ikitumika kulipa bili ya hospitali ili mwili utolewe. Kikundi kinachoweza kukutana kila jioni kwa wiki nzima kupanga chakula cha waombolezaji kingeweza kukutana jioni moja, mwaka mmoja kabla, na mtu huyo akiwa ameketi katikati yao.

Kwamba njaa ya utaratibu ipo, ushahidi ni kurudi kwa kiama. Miaka ya karibuni wanaume wengi wa Mlima Kenya, wakiwemo wenye digrii na magari, wamekuwa wakitoa mbuzi na kuingizwa katika mabaraza ya wazee. Kanisa la Kipresbiteri, PCEA, limelipinga jambo hilo waziwazi na kuwataka waumini wachague upande. Sioni haja ya kuamua ugomvi wa kidini hapa. Baadhi ya mabaraza hayo yamekuwa ngazi ya wanasiasa, na mengine ni mahali pa kula nyama. Hata hivyo mwanamume wa miaka 52 anayekubali kuanza upya, akatumwa kuni na mtu anayemzidi ngazi, hatafuti nyama peke yake. Na wapo waliokosa ngazi yoyote. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe haramu katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Kila chupa ina sababu zake, zikiwemo umaskini na polisi wanaofumba macho, na sitaki kuifanya misiba hiyo kuwa falsafa. Ila mwanamume asiyeona anakopanda wala anayemkabidhi chochote hana sababu kubwa ya kuulinda mwili wake.

Nyeri, kwa bahati ya ajabu, ni mji wa makaburi mashuhuri ya wageni. Katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Petro amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941, na maskauti hutoka pande zote za dunia kumtembelea. Humo humo yupo Jim Corbett, mwindaji wa India. Kule Mathari wanajeshi wa Kiitalia, pamoja na kamanda wao Duke wa Aosta, wamejengewa kanisa zima. Lakini Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau mzaliwa wa Tetu, aliyehukumiwa papa hapa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, kaburi lake halijulikani, na mjane wake Mukami alifariki Mei 2023 akiwa bado anadai mabaki yake. Kimathi alikuwa na miaka 36, ndio kwanza amefika umri ule wa Jaques. Usiku wa mwisho alimwandikia padri mmoja wa misheni ya Katoliki ya Nyeri. Barua hiyo inajulikana. Pamoja na kusema kwamba anajiandaa kwa mbinguni, alitaja mambo matatu ya hapa duniani: shule ya mwanawe, hali ya mama yake mzee, na mkewe aliyekuwa kizuizini, kwamba apate watu wa kumfariji. Hakuuliza atazikwa wapi. Wangari Maathai naye, mwanamazingira mzaliwa wa Ihithe, alipanda miti yake saba pale Kamukunji Juni 1977 akiwa na miaka 37, na alipofariki Septemba 2011 ilikutwa kwamba alikuwa amekwisha kusema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili ukachomwa Kariokor. Wengi walishtuka, mimi naona maagizo yale yalikuwa mwendelezo wa kazi aliyoianza akiukaribia umri wa makamo.

Sasa mapingamizi yaliyobaki. Kuna wanaosema kuzungumzia kifo chako ni uchuro, ni kukiita. Mila wanayoitetea haiwaungi mkono. Mzee wa Kikuyu aliyehisi mwisho wake aliwaita wanawe, akawagawia mifugo na mashamba kwa mdomo, na akaacha kirumi, laana kwa yeyote atakayevunja neno lake. Uoga huu wa kutaja kifo ni mgeni kuliko tunavyodhani. Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, watasema Mkristo ana tumaini la ufufuo na hahitaji mipango ya namna hii. Lakini tumaini la mbinguni halijawahi kubadilisha jina kwenye hati miliki, na Kimathi katika barua ile aliona nafasi ya mambo yote mawili. Wa tatu husema haya ni mawazo ya wenye mali, na kwamba kibarua wa Mwea anayelipwa kwa siku hana cha kurithisha. Kwa mali, ndiyo. Lakini maskini ndiye anayeumizwa zaidi na mazishi yasiyopangwa, kwa kuwa deni la jeneza humbakia mjane.

Pingamizi zito ni la mwisho: ukigawa mapema, watoto wanakufukuza. Kila kijiji kina mfano wa mzee aliyegawa shamba akaishia kuomba chakula kwa mkaza mwana. Ndiyo maana ni muhimu kutenganisha kugawa na kuandika. Wosia hauhamishi hata futi moja ya ardhi mwenye nayo akiwa hai, na anaweza kuubadilisha au kuufuta wakati wowote akiwa na akili timamu. Unahitaji sahihi yake na mashahidi wawili, na ni busara wasiwe warithi. Sheria inautambua hata wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, ila una nguvu tu kama msemaji atafariki ndani ya miezi mitatu tangu aseme, kwa hiyo huo ni wa mtu aliye kitandani, haumfai mwenye miaka 48 anayetarajia kuona chai ikichumwa msimu ujao. Kuhusu mwili wenyewe mambo ni magumu zaidi. Azikwe wapi, achomwe au asichomwe, awekwe kwenye mashine au arudishwe nyumbani? Mahakama zetu huyazingatia matakwa ya marehemu juu ya mwili wake lakini hazifungwi nayo, na ndugu wakigombana mochari karatasi peke yake haitoshi. Hilo mtu itabidi alizungumze na mwenzake wa ndoa, na ndugu zake, na watoto waliofikia umri wa kuelewa, angali na nguvu za kujibu maswali watakayomwuliza.